Mwaka Milamula Ilipohama

Niliitwa niseme majina. Ndiyo kazi niliyopewa nyumbani kwa Novati pale Rwamishenye, majuma machache baada ya kumzika baba yake: niketi mezani, nivae miwani, na kila picha ya zamani nitakayowekewa mbele yangu niseme huyu ni nani na yule ni nani, kwa kuwa katika ukoo wetu sasa mimi ndiye mkubwa ambaye macho na akili bado vinafanya kazi pamoja. Vijana wao wanataka kuchapisha kitabu kidogo cha historia ya familia, kigawiwe siku ya misa ya arobaini. Jalada lilikwisha kutengenezwa. Juu yake amesimama marehemu, Baba mdogo Sperato, na fimbo yake mkononi, na chini ya miguu yake wameandika kwa herufi kubwa: Mlezi wa Ukoo. Nilipoyasoma maneno hayo nilibugia chai ya moto hadi ikaniunguza ulimi, maana kama nisingekunywa ningesema, na mke wa Novati ndiyo kwanza alikuwa anatenga ndizi mezani.

Novati si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira yangu ikianza kumwagika haichagui. Ni mstaafu mpole, ananiita Dada ingawa baba zetu tu ndio waliozaliwa tumbo moja, na Mama yangu akiugua huja kumwona na mkungu wa ndizi kwenye gari. Mama yangu, Leokadia, anaishi nami Bakoba, mtaa wa Bukoba mjini. Ameshapita miaka tisini na ana ombi moja tu ambalo hulirudia kila anapopata homa: azikwe kando ya Baba. Na kaburi la Baba, ambalo lilichimbwa ndani ya kibanja chetu kule Muleba, kwa zaidi ya nusu karne limekuwa ndani ya kibanja cha baba yake Novati. Mama amekuwa akiomba ruhusa kila Siku ya Marehemu ili aingie kupalilia kaburi la mumewe. Na Sperato alikuwa akimruhusu mbele ya watu, kwa sauti ya upole, na watu walimsifu kwa moyo wake mzuri. Huko ndiko kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na mama yangu amepakwa hivyo maisha yake yote.

Tulikuwa tumemaliza bahasha na albamu, zikabaki fremu zilizokuwa zikining'inia sebuleni kwa marehemu. Kubwa kuliko zote ilikuwa na picha ya Rais ya miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, imeliwa na unyevu mpaka bega moja limetoweka. Novati akasema fremu yenyewe bado nzuri, watamwekea Mzee wao humo. Akaigeuza, akang'oa misumari midogo kwa koleo, akatoa kadibodi. Nyuma ya Rais palikuwa na picha nyingine, imelazwa kifudifudi. Akaigeuza na kunipa, akiwa bado anatabasamu. "Na hii, Dada? Hawa ni akina nani?"

Yalikuwa mazishi ya Baba. Sikuhitaji miwani. Mimi niko pale, nimefungwa kitambaa kichwani, nimemshika Mama mkono. Bibi, mama yao Baba na Sperato, ameketi juu ya nyasi na mikono imelegea mapajani. Sperato amesimama kwenye kichwa cha kaburi ameshika msalaba, kijana bado, shingo imenyooka. Mpiga picha alitoka Bukoba mjini siku ile. Sperato ndiye aliyemleta. Lakini sikuwatazama watu kwa muda mrefu. Nilitazama nyuma yetu. Kaburi lilikuwa wazi, nyuma yake lile jiwe kubwa tulilokuwa tunanolea mapanga, nyuma ya jiwe migomba yetu, mingi, na mbali huko, karibu kabisa na paa la bati la Sperato, mstari wa milamula.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze kidogo. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake na wafu ndani yake, na hakina ukuta. Mpaka wake ni milamula, miti myembamba yenye majani marefu, ambayo mzee huipanda mbele ya mashahidi siku anapowagawia wanawe. Watu wakigombana, wazee huja wakaitazama milamula, na ikishasema hakuna rufaa. Mlamula mwembamba ni wa juzi, mlamula mnene ni wa babu. Hivyo ndivyo walivyoamua siku zote. Lakini mti huo una tabia moja ambayo kila mtoto wa Kihaya anaijua: ukikata shina lake, hata liwe nene kama mguu wa mtu mzima, ukalichomeka ardhini wakati wa mvua, linashika. Ukirudi msimu ujao utaapa kwamba lilipandwa na aliyekufa zamani.

Mwaka ninaousema ulianza na ugeni jikoni kwetu. Baba alikuwa amekufa, hata matanga yalikuwa yamekwisha, na watu walikuwa wanahimizwa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Kwetu kwenye migomba hakuna aliyekuwa tayari kuiacha, kwa hiyo kijiji kilipimwa kule rweya, kwenye uwanda wa nyasi ambako wanawake walizoea kwenda kulima njugu mawe na kukata nyasi za kuezekea. Sperato alikuwa mwenyekiti wa tawi la Chama, tena ndiye aliyekuwa akipima kahawa ya kijiji kizima kwenye ghala. Alikuja jioni, akaketi kwenye kiti cha Baba. Mama alimtolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama mgeni wa heshima. Mimi nilikuwa namenya ndizi pembeni, na nilikuwa katika umri ule ambao watu wazima wanakuona huelewi.

"Mulamu," alisema, ndivyo watu wa kwetu wanavyomwita shemeji, "Chama kinataka mfano. Mimi nikisimama mkutanoni nikawaambia watu wahame, na kwenye ukoo wangu hakuna aliyehama, watanisikiliza?"

"Si uhame wewe, Ta Sperato?" Mama alimuuliza, bila ubaya, akimwita Ta kwa heshima.

Alicheka sana. "Nikihama mimi, tawi nimwachie nani? Nenda wewe na mtoto. Mwaka mmoja tu, mulamu. Migomba nitaisafisha, kahawa nitachuma nikuwekee, ndizi nitawaletea. Kaka yangu amelala pale. Shamba lake litapotelea wapi?"

Nimefundisha shule miaka mingi na nimesikia uongo wa kila aina, wa watoto na wa wakaguzi, lakini bado sijasikia uliosemwa kwa utulivu kama ule, huku mtu anatafuna kahawa ya mjane. Mama aliamini. Angeachaje kuamini? Mkutanoni tulikuwa tukimsikia mtu yule yule akituambia binadamu wote ni sawa, na kila mtu anastahili heshima, na unyonyaji ni dhambi. Maneno mazuri kabisa. Mimi mwenyewe baadaye nimewafundisha watoto maneno hayo na sijutii hata moja. Ninachosema ni kwamba mchawi akipewa rozari haachi uchawi, anapata pa kuuficha.

Kule rweya tulipewa nyumba ya nyasi iliyopangwa kwenye mstari na nyumba nyingine za nyasi, milango yote ikitazama upande mmoja. Asubuhi kilipigwa chuma, tukaenda shamba la pamoja kulima mahindi kwenye ardhi ambayo jembe likigonga linalia. Nisiwe mwongo: wengi waliokuwa kule walikuwa watu wasio na kibanja popote, waliokuwa wakilima kwenye ardhi za mabwana tangu enzi za babu zao, na kwao nyumba ile ya nyasi ilikuwa mwanzo wa utu. Walitupokea vizuri. Walitugawia maharage walipokuwa nayo. Siwezi kuwalaumu wala kulaumu kijiji chao. Sisi ndio tulikuwa hatuna sababu ya kuwa pale.

Mwezi wa kwanza ndizi zililetwa, mkungu mnene, na Mama akawapikia majirani. Mwezi uliofuata ukaja mkungu wa ndizi ndogo zilizokomaa nusu. Kisha zikaja salamu. Kisha na salamu zikakoma, tukabaki na ugali. Msomaji wa Pwani au wa Usukumani hatanielewa nikisema mama yangu aliona aibu kula ugali, lakini kwa Mhaya wa siku zile mtu aliyelala bila ndizi amelala njaa, hata kama tumbo limejaa. Mama alijaribu kupanda machipukizi ya migomba nyuma ya nyumba, akayapalizia kwa majivu na nyasi. Yalitoka majani mawili ya njano yakafa. Alikuwa akisonga ugali huku amegeuza uso, na akinipakulia alisema, "Kula, mwanangu. Kwetu zinakomaa." Na wakati anasema hivyo, shoka lilikuwa likifanya kazi kibanjani kwetu.

Mwaka ulipokwisha tukarudi kwa miguu, mikeka kichwani. Tuliingia kibanjani kwa njia ya nyuma, na Mama akasimama ghafla hata nikamgonga mgongoni. Milamula ilikuwa imetukaribia. Mstari uliokuwa kule kwenye paa la Sperato ulikuwa sasa upande huu wa jiwe, hatua chache kutoka ukuta wa jiko letu, mashina manene yenye majani mabichi. Kahawa yote ilikuwa ng'ambo. Jiwe lilikuwa ng'ambo. Kaburi la Baba lilikuwa ng'ambo, na juu yake zilianikwa nguo za mke wa Sperato. Kule mpaka ulikokuwa, kulikuwa kumelimwa na kupandwa maharage. Mama alitembea kutoka shina hadi shina, akilishika kila moja kwa kiganja, kisha akaketi mlangoni na kuniambia niwashe moto.

Alidai wazee, na wazee wakaja. Na hapa ndipo hasira yangu inapokaa, sio kwa Sperato peke yake. Mwizi ni mwizi. Lakini wale wazee waliketi nyumbani kwa mshtakiwa, sebuleni kwake, kwenye viti vyake, chini ya ile picha ya Rais, na kwa kuwa Mama alikuwa mke wa ukoo, ilimbidi kwanza aende jikoni kusaidia kuwapikia. Mama yangu alimenya ndizi za shamba lake mwenyewe, akawapikia watu waliokuja kumwambia kwamba si lake. Nilikuwa nyuma ya jiko nachochea kuni nikawasikia wanawake wawili, mmoja wao jirani yetu Kristina ambaye kibanja chake kinapakana na chetu upande wa chini.

"Sote tunajua milamula ilikuwa wapi," Kristina alisema.

"Ijue kimya kimya," mwenzake akamjibu. "Mumeo kahawa yake inapimwa na nani?"

Nilisikia kisu cha Kristina kikiendelea kumenya. Baadaye wazee walimwita kama shahidi, akapiga magoti kwa heshima, akawaamkia, "Kasinge waitu," akasema yeye huwa hatazami mashamba ya watu.

Mkubwa wa wazee aliitwa Ta Petero. Alitoka nje na wenzake, wakaenda kuishika milamula, wakaipima unene kwa mikono, wakarudi wakitikisa kichwa. "Hii si milamula ya mwaka mmoja," alisema. "Hii ni ya mzee wenu." Watu wazima wenye mvi, waliozaliwa kwenye migomba, ambao kila mmoja wao amewahi kuchomeka shina la mlamula akaliona likichipua! Sperato akaongeza kwa unyenyekevu kwamba marehemu alizikwa pale kwa ukarimu wake yeye, alimpa kaka yake mahali karibu na baba yao.

Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Akasema, "Kuna picha. Siku ya mazishi ilipigwa picha, na mpaka unaonekana. Aitoe."

Ta Petero akageuka. "Mwenyekiti, picha hiyo iko wapi?"

"Haikutoka, wazee wangu," Sperato alijibu. "Yule mpiga picha alisema filamu iliingia mwanga, ikaungua. Hata mimi niliumia. Mama yetu hakuwahi kupigwa picha nyingine."

Alisema hivyo akiwa amekaa chini ya picha yenyewe, iliyofichwa nyuma ya Rais. Nilikuwepo, nilikuwa mlangoni na beseni la kunawia mikono, na ninakumbuka kichwa chake kilivyokuwa kimegusa ukuta chini kidogo ya fremu. Kilichobaki kilikuwa cha kumalizia. Mzee mmoja akasema asiyekuwepo na lake halipo. Mwingine akasema mwanamke ni mpita njia, tena huyu hana hata mtoto wa kiume, anang'ang'ania kibanja ampe nani? Nami nilikuwa nimesimama pale na beseni lao. Wakanawa, wakala, wakamsifu mpishi. Sisi tulibakiziwa nyumba na kipande cha migomba kongwe kisichotosha kulisha mbuzi, na kabla ya mvua nyingine tulikuwa Bakoba, chumba kimoja, Mama anasuka mikeka ya kuuza ili mimi nisome. Hivyo ndivyo nilivyopata elimu, na watu huniambia niishukuru mikosi. Siishukuru.

Haya yote yalinipanda kwa pamoja pale mezani kwa Novati, picha ikiwa mkononi. Nilichokuwa najiuliza ni kwa nini hakuichoma. Angeichoma, yangekwisha. Lakini namjua, nawajua watu wetu: ile ndiyo ilikuwa picha pekee ya mama yake, na hakuna mtu wa kwetu atakayeweka uso wa mama yake motoni. Aliogopa wafu. Walio hai hakutuogopa hata kidogo.

Nilimweleza Novati pole pole, nikimwonyesha kwa kidole: jiwe lile, kaburi lile, milamula ile, bati lenu lile. Si mjinga, alikwisha kuelewa kabla sijamaliza. Alifuta miwani yake kwa kitambaa cha meza.

"Dada," alisema mwishoni, "mimi nilikuwa mtoto wa mgongoni. Na Mzee ndiyo kwanza tumemzika. Yaliyopita si ndwele."

"Ndwele hii mama yangu anayo mpaka leo, Novati. Nenda Bakoba ukamwulize kama imepita."

"Basi mama apumzike pale pale, kando ya baba mkubwa. Nitampa mahali. Hata kaburi nitalijengea mimi, kwa vigae. Kwa nini hamkuniambia? Mngeomba tu."

Nadhani alitaka kunifariji. "Tuombe?" nilimwambia. "Amekuomba nani? Mpaka urudi ulipokuwa. Uurudishe wewe, mchana, watu wanaona, kabla ya misa ya arobaini. Na picha hii iingie kwenye kitabu chenu, ukurasa wa kwanza. La sivyo majina yatafuteni wenyewe." Alisema lazima azungumze kwanza na wadogo zake, jambo lenyewe ni la ukoo, lisiamuliwe kwa hasira. Nilimjibu kwamba liliamuliwa bila hasira mara ya kwanza, na ndiyo maana tuko hapa. Nikaitia picha kwenye mkoba. Hakunizuia.

Mama nilimkuta sebuleni, amekaa kwenye mkeka kama kawaida yake, mwanga wa dirisha ukimwangukia miguuni. Nilimpa picha. Aliisogeza hadi karibu na pua. Nilidhani atamtafuta Baba kwanza, ajione mwenyewe ujanani, alie kidogo, nami nilikuwa nimejitayarisha kumshika. Kidole chake kilipita juu yetu sote, kikapita kaburi, kikapita jiwe, kikaenda kusimama kwenye milamula.

"Hii hapa," alisema. Kisha akauliza, "Ta Petero yu hai?"

"Alikufa zamani, Mama."

"Na wale wenzake?"

"Nao pia."

"Kristina?"

"Wote, Mama. Wote waliokaa siku ile wamekufa. Na Sperato tumemzika juzi, ulikuwepo."

Watu hudhani uzee humlainisha mtu, kwamba ukifika miaka tisini unasamehe kwa sababu huna nguvu za kufanya kingine. Mama aliiweka picha mapajani na uso wake ulikuwa uso nilioufahamu tangu nikiwa msichana, ule wa siku aliyoniambia niwashe moto.

"Wamenikimbia," alisema.

Nikamweleza aliyosema Novati. Sikutia chumvi. Nilimwambia ameahidi kumpa mahali kando ya Baba, na kumjengea kwa vigae, na kwamba mengine atayazungumza na wadogo zake. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama.

"Amesema atanipa?"

"Ndivyo alivyosema."

Akaunyoosha mkono kutafuta fimbo yake, akaikita sakafuni, akaanza kunyanyuka peke yake, goti moja, kisha la pili. Nilimwahi begani. Nikamwuliza anakwenda wapi saa hizi, na mvua inakuja.

"Niletee viatu," alisema. "Nakwenda kwangu."